Karatasi ya Mjomba: Historia Fupi ya Mchoro wa Moyo Unaodanganya

Kwenye picha ya mwaka 1990 mjomba wangu amesimama wa pili kutoka kushoto, jezi namba 11, soksi zimeshuka, mikono iko nyuma. Ilikuwa timu ya kiwanda alichokuwa akifanya kazi, Tanga. Alikuwa winga wa kushoto, na wazee wa mtaani wanaomkumbuka husema alikuwa na mbio kweli kweli. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 24, alipigwa kiwiko cha kifua kwenye mechi ya Jumapili. Maumivu hayakuisha kwa siku tatu. Akaenda hospitali, akalazwa kitandani, akabandikwa waya, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye miraba midogo ya rangi ya waridi. Daktari akaitazama karatasi, akamtazama na yeye, kisha akaandika pembeni kwa kalamu: ugonjwa wa moyo, asifanye kazi nzito.

Hakucheza tena. Kiwandani alitolewa kwenye mashine akapelekwa stoo, na mshahara ukapungua. Kulikuwa na binti aliyekuwa ameshamposa. Kwao wakarudisha barua ya posa, wakasema hawawezi kumwoza mtoto wao kwa mtu wa kufa kesho. Alikuja kuoa akiwa na miaka 38. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba Mjomba "ana moyo". Humkimbizi, humbebeshi kitu, na ukiwa na habari ya msiba humwambii mpaka akae kwanza.

Mwaka 2016 nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa moyo, Dar es Salaam. Akapigwa ECG upya, kisha eko, kile kipimo cha kuuona moyo ukicheza kwenye skrini. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akauliza kama mgonjwa ana karatasi yake ya zamani. Anayo! Ile yenyewe ilikuwa imefifia ikawa nyeupe, maana karatasi za mashine zile huchorwa kwa joto na mchoro wake haudumu. Kilichobaki ni maandishi ya kalamu tu. Lakini kiwanda kilikuwa kimetoa fotokopi kwa ajili ya faili, na Mjomba alikuwa na nakala yake kwenye bahasha ya vyeti. Daktari akaziweka mbili hizo pamoja mezani. Mstari ulikuwa uleule, umepanda mahali palepale, isipokuwa kilima cha sasa kilikuwa kifupi kidogo kuliko cha ujana.

"Baba," akasema, "huu moyo haukuwahi kuumwa. Ulizaliwa unachora hivi."

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei: "Sasa hiyo miaka ishirini na tano nani atanirudishia?"

Daktari hakuwa na jibu, na mimi sina. Ila mimi ni mwandishi wa habari, na kitu kikinikaa kooni huwa nakwenda kukisoma. Nilitaka kujua jambo dogo zaidi: iliwezekanaje karatasi moja ikasomwa vile? Nilichokuta ni historia ndefu, na ndani yake kosa alilofanyiwa Mjomba lilikuwa na jina, lilikuwa limeandikiwa makala, na lilikuwa linajulikana miaka mingi kabla ya ile mechi ya Jumapili.

* * *

Tuanze na mbwa. Mwaka 1887, katika Hospitali ya St Mary's, London, mwanasayansi Augustus Waller aliweza kunasa umeme wa moyo wa binadamu bila kumpasua kifua. Alitumia kifaa chenye mrija mwembamba wa zebaki. Moyo ukipiga, zebaki inacheza, na kivuli chake kinapigwa picha. Kwenye maonyesho yake Waller alipenda kumtumia mbwa wake aina ya buldogi, jina lake Jimmy, aliyesimama kwa utulivu miguu ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1909 jambo hili lilifika mpaka Bungeni. Mbunge mmoja akauliza kama huo si ukatili kwa mnyama, na waziri akajibu kwa utani kwamba aliyewahi kutembea kwenye maji ya bahari anajua fika mbwa yule anajisikiaje.

Waller mwenyewe hakuamini kwamba mchezo huu utakuja kuwa na kazi kubwa hospitalini. Aliyeamini ni Mholanzi, Willem Einthoven, aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860. Einthoven ndiye aliyeyapa mawimbi ya moyo herufi P, Q, R, S na T, ambazo tunazitumia hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Leiden, alitengeneza galvanomita ya uzi: uzi mwembamba mno wa kioo uliopakwa fedha, umetundikwa kati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ukipita, uzi unatikisika. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilijaza vyumba viwili na kuhitaji watu watano kuiendesha. Kwa kuwa haibebeki na wagonjwa wako hospitali, Einthoven akavuta waya wa simu wa kilomita moja na nusu, mgonjwa akabaki wodini na moyo wake ukachorwa maabara. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kitu kimoja cha kuzingatia hapa: katika miaka hiyo ya mwanzo mchoro huu haukuwa wa maumivu ya kifua. Thomas Lewis, aliyeutangaza sana pale London, alikuwa anachunguza mapigo, kwa nini moyo wa huyu unaruka, kwa nini wa yule unakwenda ovyo. Mshtuko wa moyo wenyewe madaktari wengi waliujua kama jambo la chumba cha maiti. Mtu anashika kifua, anaanguka, anapasuliwa, mshipa unakutwa umeziba. Kwamba mtu anaweza kuzibwa mshipa wa moyo na akaishi, akatambuliwa angali hai, hilo lilielezwa na madaktari wawili wa Kyiv mwaka 1910, Obraztsov na Strazhesko, na mwaka 1912 na James Herrick wa Chicago. Herrick alisoma makala yake mbele ya wenzake na ikapita kimya kimya, hakuna aliyeijali. Ndipo akageukia mchoro wa umeme. Mwenzake Fred Smith aliziba mishipa ya mioyo ya mbwa na kurekodi mstari unavyobadilika. Makala ikatoka mwaka 1918. Mwaka 1920 Harold Pardee wa New York akaonyesha jambo lenyewe kwa binadamu: mshipa ukiziba, kile kipande cha mstari kati ya wimbi la S na wimbi la T hakirudi chini kama kawaida. Kinapanda.

Kupanda huko ndiko kulikomfunga mjomba wangu.

* * *

Naomba nieleze kidogo mstari huu unapandaje, kwa jinsi nilivyoelezwa mimi nisiyejua fizikia. Moyo ukishajikaza, seli zake zote kwa muda mfupi zinakuwa na umeme wa kiwango kimoja. Mahali penye usawa hakuna kinachotiririka, kwa hiyo mstari unalala sawa. Sasa sehemu moja ya msuli ikikosa damu, umeme wake unakuwa tofauti na wa jirani zake. Palipo na tofauti pana mtiririko, na mtiririko ndio unaounyanyua mstari. Kwenye karatasi, milimita moja ya kwenda juu ni sehemu moja ya kumi ya milivolti. Yaani mraba mmoja mdogo, ule ambao ukivaa miwani ya mwenzako huuoni, ndio unaoamua mtu alazwe au arudi nyumbani.

Ukilifahamu hilo, tatizo linajitokeza lenyewe. Mstari haupandi kwa sababu mshipa umeziba. Unapanda kwa sababu kuna tofauti ya umeme, na mambo yanayoleta tofauti ni mengi. Ukuta wa moyo ulionenepa kwa presha ya miaka mingi unaipandisha. Njia ya umeme ya upande wa kushoto ikikatika, inapanda. Utando unaozunguka moyo ukivimba, inapanda karibu kila mahali. Potasiamu ikizidi kwenye damu ya mtu mwenye figo mbovu, mawimbi yanachongoka na mstari unaweza kupanda. Mwaka 1954 madaktari wa New Orleans walieleza wagonjwa waliovuja damu kwenye ubongo huku michoro yao ya moyo ikiwa imepinduka vibaya. Na vibandiko vikiwekwa mbavu moja juu zaidi, au waya wa mkono wa kulia ukiunganishwa kushoto, unapata ugonjwa uliotengenezwa na mkono wa mpimaji.

Halafu wapo watu wazima wa afya, hasa vijana wa kiume, hasa wanamichezo, ambao mstari wao umepanda tu. Hakuna sababu ya kuogopesha. Ndivyo mioyo yao inavyojirudisha katika hali yake baada ya kila pigo. Hili si siri. Mwaka 1936, watafiti Shipley na Hallaran walichapisha michoro ya wanaume na wanawake 200 wenye afya nzuri, na mstari uliopanda walikutana nao humo.

* * *

Sehemu ya historia hii iliyonishika zaidi inaanza miaka ya 1930. Hadi hapo moyo ulitazamwa kutoka pembe tatu tu: mikono miwili na mguu. Frank Wilson, wa Chuo Kikuu cha Michigan, akabuni namna ya kuutazama kupitia kifuani kwenyewe, na mwaka 1938 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani na Uingereza vikakubaliana mahali pa kuweka vibandiko sita vya kifua. Baadaye zikaongezwa nyingine mpaka zikawa pembe 12, idadi inayotumika leo kuanzia Muhimbili hadi Tokyo.

Pembe zilipoongezeka, magonjwa yaliyokuwa yamejificha yalionekana, na watu wasio na ugonjwa nao wakaonekana wagonjwa. Mashine zikawa ndogo, zikaingia kwenye ofisi za bima, jeshini, kwenye uchunguzi wa ajira. Waliokuwa wakipimwa sasa hawakuwa wagonjwa mahututi wa Herrick. Walikuwa watu walioingia kwa miguu yao, wengine bila maumivu yoyote, na wakatoka na hukumu.

Mwaka 1946 David Littmann (ndiyo, huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye stetoskopu) alichapisha uchunguzi wa Wamarekani weusi 300 na weupe 200. Aliona kwamba baadhi ya watu wazima weusi wenye afya wana mawimbi ya T yaliyopinduka kwenye vibandiko vya kifua, kama yalivyo kwa watoto. Mwaka 1954 H. Grusin, katika hospitali ya Baragwanath, Johannesburg, akaandika kuhusu kile alichokiita mambo ya pekee ya mchoro wa moyo wa Mwafrika: mistari iliyopanda, mawimbi yaliyopinduka, na mara nyingine yakibadilika mgonjwa akipimwa tena na tena. Mwaka 1962 ikatoka makala kutoka jirani zetu kabisa, Kampala. Krishna Somers na Rankin walikuwa wamepima wanaume wa Afrika Mashariki wenye afya njema ili kujua hali ya kawaida ni ipi hasa.

Niliposoma vichwa vya makala hizo nilikasirika kwanza, nikashukuru baadaye. Nilikasirika kwa lile neno "pekee". Pekee kwa kulinganisha na nani? Kipimo cha kawaida kilikuwa kimewekwa kwa miili ya watu wa Leiden, London na Ann Arbor, halafu mwili wa mtu wa Johannesburg ukaonekana ndio wenye maajabu. Na kumbe mstari uliopanda kwa kijana mweupe ulishaandikwa tangu 1936. Ni suala la wingi tu, si la aina nyingine ya moyo. Lakini nikashukuru kwa kazi ya Kampala. Badala ya kuushangaa mwili wa mtu, watafiti wale walikwenda kupima watu wazima wa mahali pale, ili mgonjwa wa Mulago alinganishwe na jirani yake badala ya Mholanzi.

Ni mwaka 1962! Kampala! Mjomba alikuwa bado hajazaliwa. Kutoka Kampala hadi Tanga kuna barabara, na wakati ule palikuwa na reli.

* * *

Kosa lenyewe lilipata jina Marekani. Mwaka 1956 Myron Prinzmetal na wenzake wa Los Angeles walichapisha makala kuhusu "ugonjwa wa moyo unaotokana na ECG". Hawakusema umeonekana kwenye ECG, walisema umetokana nayo. Walikuwa wamekutana na watu walioacha kazi, walioacha kucheza, walioishi kwa hofu, na chanzo cha ugonjwa wao kilikuwa karatasi iliyosomwa vibaya. Mwaka 1960 Henry Marriott, mwalimu aliyezaliwa Bermuda na ambaye vitabu vyake vimesomesha vizazi vya madaktari, akakusanya orodha ndefu ya vitu vinavyoiga mshipa ulioziba: maumbile ya kawaida, chakula, woga, dawa, magonjwa mengine. Aliuita mwigo.

Nilipoifikia makala ya Prinzmetal nilisimama, nikaenda nje kidogo. Kuna namna mtu anavyojisikia akikuta maisha ya ndugu yake yameelezwa miaka 35 kabla hayajatokea.

Lakini hadithi hii ingekuwa rahisi mno kama ingeishia hapo, na mimi mwenyewe nilitamani iishie hapo: madaktari wanaogopesha watu bure, basi. Sivyo. Huyuhuyo Prinzmetal, mwaka 1959, miaka mitatu tu baada ya onyo lake, alieleza aina ya maumivu ya kifua ambayo humjia mtu akiwa amepumzika. Mstari unapanda sana, kisha maumivu yanakwisha na mstari unashuka kama vile hakuna kilichotokea. Ukimpima mtu huyu saa moja baadaye, karatasi ni safi. Na ugonjwa upo: mshipa wenyewe unajibana na kujiachia. Kwa hiyo mtu aliyetufundisha kwamba mstari uliopanda waweza kuwa si ugonjwa ndiye aliyetufundisha kwamba mstari uliolala waweza kuwa ugonjwa.

Hili la pili nalijua pia, kwa njia mbaya. Mwaka 2019 mhariri wangu wa kwanza, mtu aliyenifundisha kufuta sentensi, alipata kile alichokiita kiungulia. Akaenda hospitali usiku, akapimwa mara moja, karatasi ikatoka safi, akapewa dawa ya tumbo na kuruhusiwa. Hakufika asubuhi. Hospitali siitaji, kwa sababu sijui kila kilichotokea mle ndani na aliyekuwa zamu hajapata nafasi ya kujieleza. Ninachojua ni kanuni iliyomo kwenye kila kitabu cha somo hili: mchoro wa kwanza ukiwa safi na maumivu yakaendelea, unarudiwa. Mshipa unaweza kuwa unaziba wakati huohuo.

* * *

Kuanzia miaka ya 1980 kosa la kusoma likawa ghali zaidi, kwa pande zote mbili. Mwaka 1980 DeWood na wenzake walionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliochunguzwa ndani ya saa nne tangu mshtuko wenye mstari uliopanda, asilimia 87 walikuwa na mshipa ulioziba kabisa kwa bonge la damu. Mwaka 1986 utafiti mkubwa wa Italia, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000, ukathibitisha kwamba dawa ya kuyeyusha bonge hilo inaokoa maisha ikiwahi. Sasa karatasi haikuwa ya kumpeleka mtu stoo tena, ilikuwa ya kuamua achomwe dawa kali. Na dawa hiyohiyo inaweza kumsababishia mtu kuvuja damu kwenye ubongo. Ukimpa asiyestahili umemhatarisha bure. Ukimnyima anayestahili msuli unakufa dakika kwa dakika.

Madaktari wakarudi kuisoma karatasi kwa makini mapya. Mwaka 1982 Hein Wellens na wenzake wa Maastricht walieleza mchoro ambao kwangu mimi ndio wa ajabu kuliko yote. Kati ya wagonjwa 145 waliolazwa kwa maumivu ya kifua yasiyotulia, 26 walikuwa na wimbi la T lililopinduka kwa namna fulani maalumu mbele ya kifua, na mara nyingi wimbi hilo linaonekana maumivu yakiwa yameshapoa. Mgonjwa anasema nimepona, nataka kwenda nyumbani. Kati ya 16 ambao hawakufanyiwa upasuaji, 12 walipata mshtuko mkubwa ndani ya wiki chache. Lakini wimbi la T lililopinduka si ndilo Littmann alilikuta kwa watu wazima wazima kabisa mwaka 1946? Ni kweli, yanafanana. Daktari anayeyasoma yote mawili kwa namna moja lazima amkosee mmojawapo.

Mwaka 1990 Hikaru Sato, wa Hiroshima, alieleza wagonjwa waliofika na maumivu ya kifua na mstari uliopanda, mishipa yao ikakutwa iko wazi. Wengi wa wagonjwa wa aina hii ni wanawake wa umri mkubwa waliotoka kupata mshtuko wa maisha, msiba, ugomvi, ajali. Moyo ulikuwa umefura chini na kubana shingoni, umbo lake likafanana na takotsubo, chungu ambacho wavuvi wa Kijapani hukitumia kunasia pweza. Kwetu pweza huchokolewa miambani kwa mti, ndiyo maana hatuna neno la chungu hicho. Lakini mtu kuumwa moyo kwa sababu ya msiba, hilo bibi zetu hawakuhitaji mashine kuliamini.

Na mwaka 2001 William Brady na wenzake wa Virginia walichapisha hesabu rahisi. Walichukua wagonjwa 202 waliofika idara ya dharura na maumivu ya kifua wakiwa na mstari uliopanda. Waliokuwa na mshtuko wa moyo walikuwa asilimia 15 tu. Robo nzima walikuwa na ukuta wa moyo ulionenepa. Sasa fikiria nchi zetu, ambako presha ni nyingi na wanaoijua kuwa wanayo ni wachache, halafu jiulize ni karatasi ngapi zinapanda kila asubuhi.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuwaambia madaktari kwamba "kwa Mwafrika hiyo ni kawaida." Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa wa mioyo ya wanamichezo walikubaliana rasmi kwamba mchoro fulani, mstari uliopanda kwa mgongo na wimbi la T lililopinduka katika vibandiko vinne vya kwanza vya kifua, ni wa kawaida kwa mwanamichezo mweusi asiye na dalili. Ningefurahi kama Mjomba angezaliwa baadaye akaikuta kanuni hiyo. Ila maneno "asiye na dalili" yana uzito wake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba katika waliokuwa na mshtuko kweli, asilimia 2.1 walirudishwa nyumbani kimakosa, na waliokuwa katika hatari zaidi ya kurudishwa ni wanawake wa chini ya miaka 55, watu wasio weupe, na wale ambao mchoro wao haukuonyesha kitu. Neno "kawaida" linaweza kumwokoa kijana wa jezi namba 11. Neno hilohilo linaweza kumzika mama wa miaka 50 mwenye kisukari.

* * *

Nilimrudia yule daktari wa Dar miezi michache baadaye, safari hii na kinasa sauti. Nikamuuliza: wewe unasomaje? Akacheka. Akasema mashine za siku hizi huchapa tafsiri yake juu ya karatasi, kwa hiyo kitu cha kwanza anachofanya ni kuyafunika maneno hayo kwa kidole. Kisha anauliza mambo manne. Huyu ni nani, ana umri gani, maumivu yalianzaje. Karatasi yake ya zamani iko wapi. Je, baada ya dakika 15 au 30 mstari umebadilika au uko vilevile, maana maumbile hayabadiliki haraka na ugonjwa hubadilika. Na damu inasema nini, kile kipimo cha troponini kinachopanda msuli wa moyo ukijeruhiwa.

"Yule aliyempima mjomba wako mwaka 1991," akaniambia, "usimhukumu sana. Pengine hakuwa na karatasi ya zamani, hakuwa na troponini, hakuwa na eko. Alikuwa na mstari uliopanda na kijana anayelalamika kifua. Angemwacha akafa, leo ungekuwa unaandika makala nyingine."

Nimelifikiria jambo hilo sana. Nadhani ana haki, nusu. Kuogopa siku ile kulikuwa sahihi. Kosa ni kwamba hakuna aliyeambiwa arudi. Kipimo kingerudiwa baada ya wiki moja, baada ya mwezi, mstari ungekutwa uleule, na mtu yeyote aliyesoma Prinzmetal au Marriott au ile kazi ya Kampala angejua maana yake. Ila yale maandishi ya kalamu hayakuwa na alama ya kuuliza. Yakawa cheti.

Na cheti ni kigumu kufuta. Mjomba sasa anajua kwamba moyo wake ni mzima. Alilipa pesa kuambiwa hivyo na ana ripoti. Lakini Idi iliyopita nilimkuta uani, ndoo ya maji iko bombani imejaa, na yeye amekaa kando yake anamsubiri mtoto wa jirani aje kuibeba. Nikamwambia, "Mjomba, si daktari alisema?" Akanijibu, "Alisema, mjomba. Mimi nimemsikia. Miguu ndiyo haijamsikia."

Nikaibeba mwenyewe.

Kama una karatasi yako ya moyo, au ya mzazi wako, usiiache kwenye bahasha. Ipige picha leo, andika tarehe na umri, weka mahali itakapopatikana usiku wa manane. Ile karatasi inafifia, kama ya Mjomba ilivyofifia, na siku maumivu yakija, swali la kwanza la daktari mzuri litakuwa kama unayo ya zamani.